Kupiga makasia ya mashindano ukiwa umepooza miguu: tuongee kiti, mikanda na maji

#1 Kasia_T10

Wakuu, habari zenu. Kwenye ule uzi wa majeruhi wa uti wa mgongo niligusia kwa kupita tu kwamba siku hizi napiga makasia, na inbox ikajaa maswali. Nimeona nifungue uzi wake ili nijibu wote mahali pamoja.

Mimi nilikuwa utingo wa fuso. Gari likapinduka, mgongo ukavunjika usawa wa T10, yaani pingili ya kumi kuhesabu kuanzia chini ya shingo. Kuanzia kitovuni kushuka chini sina hisia wala nguvu. Kwetu Tanga, ila naishi Mombasa kwa dada yangu, na mazoezi nafanyia kriki ya Tudor.

Naomba uzi usigeuke wa kupeana pole. Kila nikitajwa mahali naitwa shujaa. Ushujaa haujawahi kuniingiza kwenye boti hata siku moja. Kinachoniingiza ni watu wawili wenye mikono, kiti kilichonikaa na maji yaliyojaa. Kikikosekana kimoja hapo, nageuza kiti mwendo narudi nyumbani.

Boti lenyewe ni jembamba, la mtu mmoja, makasia mawili, na unakaa umeupa mgongo upande unaokwenda. Wenye miguu wana kiti kinachoteleza mbele na nyuma, na nguvu kubwa wanaitoa mapajani. Sisi wa daraja la PR1 kiti kimekazwa hapo hapo, kina egemeo na mkanda unaozunguka kifua. Kinachosukuma boti ni mabega na mikono basi. Kwa kuwa huna kiuno cha kujisawazishia, kushoto na kulia vinafungwa vielea viwili. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa: ni mirengu ya ngalawa, ila ya faiba.

Mbio ni mita 2000. Mchezo ulipoingia Paralimpiki (Olimpiki ya wenye ulemavu), Beijing 2008, ulikuwa mita 1000. Mwaka 2017 umbali ukalinganishwa na ule wa wasio na ulemavu, na Tokyo ikawa Paralimpiki ya kwanza kukimbiwa kwa mita 2000. Washindi wa PR1 hutumia kama dakika tisa hadi kumi na moja, kutegemea upepo. Los Angeles 2028 itakuwa mita 1500, kwa sababu uwanja wa maji wa Long Beach hautoshi zaidi ya hapo.

Sasa kiti. Hiki ndicho nilichotaka kukizungumzia kuliko vyote. Ngozi ya makalio yangu hainiambii kitu. Kila ukivuta kasia unasugulika kidogo, maji ya chumvi yanaingia kati ya kaptula na ngozi, na wewe huku juu unajisikia safi kabisa. Nikitoka majini dada ananiwekea kioo, naangalia mwenyewe. Vitabu vinasema tafuta wekundu; kwenye ngozi kama yangu wekundu hauonekani vizuri. Natafuta mahali palipokolea rangi kuliko pengine, nagusa kwa mgongo wa kiganja kama pana joto au pamekuwa pagumu. Hali hiyo ikiwa bado ipo baada ya nusu saa, siingii majini mpaka iondoke, hata kama keshoye kuna mashindano. Kidonda cha kukalia kinaweza kukulaza kitandani miezi, na hapo mabega yote uliyojenga yanayeyuka.

Kiti nilichopewa na boti kilikuwa cha mtu mwenye nyama. Tulimwita fundi wa viti vya matatu, akachonga sponji gumu, katikati akaacha bonde ili mfupa wa mkia usiguse kitu. Egemeo tulilishusha kidogo kidogo. Likiwa juu linagonga mabega ukivuta, likiwa chini sana unakunjika tumbo na nguvu inaishia hewani. Kwangu limekaa vidole vitatu chini ya mfupa wa bega.

Ulizeni. Nikijua najibu, nisipojua yupo atakayejua.

#2 mkosoaji wa mtaa

Mkuu, usinielewe vibaya. Mtu amepooza, mnamfunga mikanda kwenye boti halafu mnamsukumia baharini. Likipinduka je? Mimi naona huu ni mchezo wa watu wenye bima.

#3 Kasia_T10

Swali zuri, hata mama yangu aliuliza hivyo hivyo, ila yeye aliuliza akilia.

Boti lenye vielea halipinduki kirahisi. Lakini linaweza, kwa hiyo mikanda yote lazima ifunguke kwa mvuto mmoja wa mkono. Si kufungua kifungo hiki, kisha kile. Kabla ya kuruhusiwa kwenda peke yangu nilipinduliwa makusudi kwenye bwawa la kuogelea mpaka kocha akaridhika. Jambo ambalo watu hawalijui: miguu iliyopooza huwa inaelea yenyewe na inaweza kukulaza kifudifudi. Ujanja ni kuvusha mkono mmoja juu ya kifua na kujigeuza chali kwa kutumia bega. Ukishakuwa chali, jaketi linakushika, unapumua, unasubiri. Na kila nikiwa majini kuna boti ya injini nyuma yangu. Siku injini ikigoma hakuna mazoezi.

Bima sina.

#4 Sista wa Wodi

Nafanya kazi na majeruhi wa uti wa mgongo, naomba niongeze jambo moja kubwa kwa wasomaji wote, maana mwenye uzi ni T10 na huenda halijamgusa sana.

Kama jeraha lako liko T6 au juu ya hapo, ikiwemo shingo, presha inaweza kupanda ghafla mpaka kiwango cha hatari kwa sababu ya kitu kidogo kilicho chini ya jeraha: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, choo kigumu, mkanda uliokazwa mno, hata ukucha uliozama nyamani. Hutahisi hicho kitu chenyewe. Utahisi kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatoka juu ya jeraha tu. Hapo hakuna kumalizia mita zilizobaki. Mtolewe, akae wima, asilazwe, fungua mikanda na nguo zinazobana, angalia mkojo kwanza. Isiposhuka ni hospitali mbio.

Wapo wanamichezo duniani waliokuwa wakijisababishia hali hii kwa makusudi, kwa mfano kuziba mpira wa mkojo, ili presha ipande wapate nguvu zaidi. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imeipiga marufuku, na wanaweza kukupima presha kabla ya mbio. Ya juu ikifika 160, hushindani.

#5 Binti Kisauni

Mashallah, nimefurahi kuuona uzi huu. Watu wa Mombasa mwamsahau mtu wetu? Asiya Mohammed Sururu ndiye Mkenya wa kwanza kupiga makasia Paralimpiki, Tokyo, PR1 hiyo hiyo. Tiketi aliipata Tunis mwaka 2019 kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika. Na kabla ya boti alikuwa akicheza tenisi ya viti vya magurudumu.

#6 mkosoaji wa mtaa

Huyo dada si alikatika miguu kwa treni akiwa mtoto wa miaka miwili? Hakuvunjika mgongo. Sasa mnamshindanishaje na mtu aliyepooza, hiyo ni haki kweli?

#7 Kasia_T10

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, mimi mwenyewe nilielezwa na kocha. Daraja haliangalii jina la ajali yako. Linaangalia mwili umebakiwa na kazi gani ndani ya boti. Unapimwa kitandani, misuli mmoja mmoja, halafu unatazamwa ukiwa unapiga makasia. Mwenye mikono na mabega tu ni PR1. Mwenye kiwiliwili kinachofanya kazi lakini miguu haisukumi kiti ni PR2. Mwenye mguu wenye nguvu kiasi cha kutumia kiti kinachoteleza, au asiyeona, ni PR3.

Ndiyo maana ukitazama PR1 ya kimataifa unakuta kila aina ya historia. Benjamin Pritchard wa Uingereza alianguka na baiskeli 2016, Paris 2024 akachukua dhahabu. Moran Samuel wa Israel alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, 2006 akapata kiharusi cha uti wa mgongo, si ajali kabisa. Yeye alianza na shaba ya Rio, akapanda fedha ya Tokyo, Paris akabeba dhahabu. Aliyemshinda Tokyo ni Birgit Skarstein wa Norway, ambaye naye miguu ilipooza akiwa mtu mzima.

Haki kamili haipo. Kuna wa PR1 ambao tumbo lao limebaki na uhai kidogo, na huo kidogo kwenye mita 2000 ni sekunde nyingi. Mimi siupendi mpaka ule, lakini mpaka lazima upite mahali.

#8 Kijana wa Leeds

Salaam kutoka baridini. Mimi ni T12, nilianza na makasia nikahamia kayaki, na nitawaambia ukweli: makasia yanataka uvumilivu, kayaki inataka hasira. Kule ni mita 200, mbio nzima haifiki dakika moja. Kayaki ya mashindano haina vielea. Unaanguka majini mpaka uzoee, na hapa maji ni ya baridi. Madaraja ni KL1 hadi KL3, KL1 ndiyo ya wenye ulemavu mkubwa zaidi. Iliingia Paralimpiki Rio 2016, na KL1 ya wanawake alishinda Jeanette Chippington akiwa na miaka 46, baada ya maisha marefu kwenye kuogelea. Kwa hiyo anayeniambia amezeeka, aniambie tena akifika hapo.

Kuna na mtumbwi wa mrengu mmoja wa kipasifiki, kasia moja, upande mmoja. Mbrazili Fernando Rufino, mtu wa rodeo aliyekanyagwa na basi, ndiye bingwa wa mtumbwi huo, daraja la VL2, Tokyo na Paris. Nikiutazama ule mtumbwi naona kabisa kwamba watu wa Zanzibar na Lamu wangeuelewa ndani ya asubuhi moja.

#9 Sangara Mkavu

Sisi wa Mwanza tuna maji bwerere na upepo asubuhi hakuna. Kwa nini mnang'ang'ania chumvi?

#10 Sista wa Wodi

Ziwa ni zuri, ila kuna kichocho. Na si mkojo wa damu tu. Mara chache mayai yake hufika kwenye uti wa mgongo na kumpoozesha mtu ambaye hakuwahi kupata ajali. Kwa aliyepooza tayari, dalili za kibofu ni ngumu kuzitofautisha na zile alizozizoea. Anayefanya mazoezi ziwani apimwe mara kwa mara na anywe prazikwanteli kama daktari atakavyosema. Aingilie sehemu isiyo na majani na konokono.

#11 Mama Junior

Wanangu, mimi si mchangiaji, nasomaga tu. Mwanangu ana miaka 22, alijirusha kwenye maji mafupi, akavunja shingo, wanasema C6. Mikono anainua lakini vidole havishiki. Tangu arudi nyumbani anatazama ukuta. Na yeye anaweza mchezo wa maji, au nisimpe matumaini ya bure?

#12 Kasia_T10

Shikamoo mama. Anaweza, ila asianze na boti langu.

Aanzie bwawani. Kuogelea kuna madaraja mengi, na ya chini kabisa ni ya watu wenye ulemavu mkubwa kuliko wake. Mbio wanaanzia ndani ya maji, hakuna kuruka. Awe na mtu majini anayejua kumshika kichwa, na maji yawe ya vuguvugu. Akishazoea maji kuna mashine ya makasia ya ndani: kiti kinafungwa kisiteleze, na mkono usioshika unavalishwa glovu yenye ndoana au kamba inayoshikamana na mpini. Mashindano ya dunia ya mashine hizo yana madaraja yetu pia.

Na yule Mmarekani Jesse Billauer, aliyekuwa mtelezaji wa mawimbi, alivunjika 1996, C6 kama Junior. Alirudi kwenye mawimbi akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao, wenzake wanamsukuma, yeye anauelekeza kwa mwili wa juu. Kuteleza mawimbini hakumo kwenye Paralimpiki, hata ya 2028, lakini wana mashindano yao ya dunia.

Ila mama, ya sista hapo juu kuhusu presha yasomeni pamoja na Junior mpaka ayajue kwa moyo. Yeye ndiye atakayewaambia watu wa majini wafanye nini. Wengi hawajui.

#13 Mama Junior

Marahaba mwanangu. Nitamsomea jioni.

#14 Mzee wa Bamvua

Nimesoma yote sijaona mtu aliyetaja maji ya pwani yanavyokwenda. Wewe kijana wa Tudor, maji yakipwa unatokaje na gari lako la kusukuma? Kule si tope tupu?

#15 Kasia_T10

Mzee shikamoo, umenigusa pale pale.

Ratiba yangu haipangwi na kocha, inapangwa na mwezi. Wakati wa bamvua (maji makubwa) bahari inajaa alfajiri na jioni, na kufika saa nne asubuhi maji yameshakwenda zake. Basi tunaingia giza halijaisha, na saa moja na nusu lazima niwe juu. Tukichelewa, kati ya boti na ngazi kuna tope la kuzama magoti, na kiti mwendo ndani ya tope ni chuma tu. Siku moja walinibeba mgongoni kama gunia, miguu inaburuta kwenye mawe yenye chaza. Nilipofika juu soksi zilikuwa nyekundu na mimi sijahisi hata mchubuko. Tangu hapo navaa viatu vya mpira vyenye soli nene, na anayenibeba anashika miguu kwanza.

Maji mafu yana afadhali kwa kutembea, kwa sababu hayapwi mbali, lakini kujaa kwake ni saa nne, saa tano, na wakati huo upepo umeshaamka. Msimu wa kusi ndiyo kabisa. Boti ni jembamba, kiwimbi kidogo tu kinagonga kielea cha upande mmoja, boti linapinda, unalirekebisha kwa bega lile lile lililochoka. Na jua: chini ya jeraha sitoki jasho, kwa hiyo mwili haupoi. Nabeba chupa ya kunyunyizia, najimwagia kifuani na mapajani kila nikigeuza. Bati la boti likishapigwa jua tunalimwagia maji kabla sijakalishwa, maana paja litaungua nami napiga hadithi.

#16 Mzee wa Bamvua

Marahaba. Sasa umeongea. Wakati wa maji mafu jaribu kukaa upande wenye mikoko, upepo unakatika.

#17 mkosoaji wa mtaa

Haya nimekubali. Lakini umesema mashindano. Umeshindana na nani, Mombasa hiyo hiyo?

#18 Kasia_T10

Mpaka sasa ni mashindano ya klabu, mita 500, nikiwa na vijana wazima wa shule. Waandaaji waliniambia nianze mbele yao. Nikauliza mbele kwa kiasi gani, wakasema "tutakuachia tu nafasi nzuri." Nikakataa. Kama ni kunipunguzia, basi wachukue muda ninaoutumia mazoezini na muda wa hao vijana, watoe hesabu, iandikwe. Wakabishana weee, mwisho wakakubali. Nilianza kwa hesabu ile, nikapitwa na mmoja kabla ya boya la mwisho, na wengine wakabaki nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipojua tofauti. Kati ya aliyenipita na nilioacha nyuma, hakuna aliyenipigia makofi ya huruma. Mmoja alikuja kulalamika kwamba hesabu ilinipendelea! Nilifurahi mpaka usingizi ukakata.

La kimataifa ni habari nyingine. Kwanza kupimwa daraja na wapimaji wanaotambulika, halafu nauli, halafu ndege inayokubali kiti mwendo kifike kizima. Boti jipya na vifaa vyake halipishani sana na bei ya gari dogo la mtumba, na PR1 ni ya mtu mmoja mmoja tu, hakuna wa kugawana naye gharama. Kuna ofisi moja, siitaji, niliyopeleka barua ya kuomba msaada. Nikaalikwa kwenda kufuata jibu ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

#19 Kijana wa Leeds

Hahaha ghorofa ya tatu! Mkuu, hapo kwenye boti usinunue jipya. Tafuta boti la zamani la mtu mmoja, pana kiasi, halafu ongeza vielea na kiti cha kukaza. Kwa kujifunza linatosha sana. Pesa itunze kwa makasia. Ya PR1 huwa mafupi kidogo, maana hufiki mbele kama anayeteleza.

#20 fundi_alumini

Nipo Majengo, nachomelea alumini. Hicho kiti naweza kukutengenezea fremu bila kukulipisha kazi, ulete vyuma tu. Nipe vipimo: upana, urefu wa egemeo, na mkanda unapita wapi.

#21 Kasia_T10

Fundi, Mungu akuzidishie. Upana wa ndani sentimita 38, hapo nimeshaweka sponji pande zote. Egemeo kutoka kwenye kikalio sentimita 34, liwe na matundu ya kupandisha na kushusha. Mkanda upite chini kidogo ya chuchu, na tundu lake lisiwe na ukingo mkali. Kona zote zizungushwe na kupigwa msasa, hata zile zisizoonekana, halafu pitisha soksi ya nailoni juu yake. Ikinasa popote, piga msasa tena. Boliti za chuma cha pua tu, nyingine zinaliwa na chumvi na siku ya kufungua hazifunguki.

Jumamosi maji yanajaa saa nne kasoro. Njoo na futi yako, unipime nikiwa nimekaa ndani ya boti. Mama Junior, kama mnaweza kufika, mleteni naye atazame. Aje na mto wake wa kukalia, na chupa ya maji.

#22 Mama Junior

Amesema atakuja. Ameuliza kama hapo ufukweni kuna kivuli.

#23 Binti Kisauni

Kipo, mama. Chini ya mkungu, kando ya banda la boti. Mimi nitakuwepo, nitawapokea kwa barabara ya lami, ile ya changarawe msiipite.